Mkono Mtupu na Kicheko cha Mawindo

Methali ya pwani yasema: mkono mtupu haulambwi. Mvuvi arudiye na dema tupu huijua maana yake kabla hajafika dikoni. Lakini huko bara, mkoani Singida, wako watu ambao maisha yao yanaipinga methali hiyo. Hao ni Wahadzabe wa Munguli, katika wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Nao ni sehemu ya jamii ndogo ya wawindaji waishio pande za Ziwa Eyasi.

Kwao kukosa ndiyo kawaida. Hawkes, O'Connell na Blurton Jones, waliowachunguza Wahadzabe katika miaka ya 1980, waliona kuwa mwindaji hukosa mnyama mkubwa katika siku 97 kati ya 100. Mshale hupita juu ya mgongo wa mnyama; ukimpata, sumu huchukua muda, na huenda anayefuata nyayo akakuta fisi wametangulia karamuni. Penye mikasa mingi kiasi hicho, msimulizi hakosi la kusema, hasa akiwa fundi wa kuiga mlio na mwendo wa mnyama aliyemponyoka.

Aliyepata, kinyume chake, hunyamaza. James Woodburn ameeleza kuwa mwindaji aliyefanikiwa huketi kimya kati ya wenzake, akaiacha damu iliyo kwenye uti wa mshale imsemee. Hapa ndipo fasihi ya pwani inapotofautiana na ya Wahadzabe. Sisi tumerithi mashairi ya majivuno, na jina la Fumo Liongo, bingwa wa upinde, limebebwa na sifa. Kwa Wahadzabe sifa ni aibu, na dhihaka ni adabu: humzuia mtu asijione mkubwa kwa nyama ambayo kambi nzima itaila.

Hata mchezo wao wa lukuchuko, wa kurusha vipande vya gome la mti, una kejeli hiyo hiyo. Mwanamume aweza kupoteza mishale yake yote ya sumu pasipo kumwona hata swala mmoja. Upinde wake hauwekwi rehani; basi hubaki na upinde, asiwe na mshale wa sumu wa kutupia.

Hata hivyo, mhakiki asidanganywe na kicheko. Mzaha huu una gharama, na walipaji wakubwa ni wanawake, wachimbao mizizi na kuchuma matunda, ubuyu ukiwamo. Kwa kuwa chungu hakikai kitupu, mwanamume aweza kurudi mikono mitupu akachekwa badala ya kulaaniwa. Anayeusifu ucheshi wa wawindaji akausahau mti wa kuchimbia mizizi ameisoma nusu ya hadithi.

Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichapisha ngano za Wahadzabe mwaka 1956, kwa Kijerumani. Kiswahili, lugha ya jirani, kimechelewa kuzipa nafasi ya heshima. Na sasa wako watalii wanaolipa ili waandamane na wawindaji alfajiri. Aliyelipa hutaka kuona windo, si kukosa. Na pale kukosa kunapogeuka kuwa hasara ya biashara, ni vigumu kukucheka. Watafsiri wetu wana kazi hapo: waikusanye mikasa hiyo kutoka kwa wenyewe, pamoja na vicheko vyake na sauti za wanyama, maadamu wenyewe bado wanaisimulia kwa ajili yao.