Wasomao Umri wa Nyayo

Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuyafifisha kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS, mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo porini, akatangaza namba za mahali ilipo, akawaalika wengine waitafute. Mchezo huo umeenea duniani, na familia nyingi huutumia kuzijua hifadhi na misitu ya nchi zao. Ni mchezo mzuri. Ila ndoo ikishafichwa hukaa pale pale. Kaskazini ya Goma, kwenye miteremko ya mlima Mikeno, kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta kila asubuhi kilichokwisha hama tangu jana: familia ya gorila.

Hao ni wafuata nyayo wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kongwe kuliko hifadhi zote za taifa barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Nyakati za utulivu, mgeni hutoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, akapita Kibati, Kibumba na Rugari, kisha akapanda hadi kituo cha Bukima, mashamba yanapokutana na msitu. Wakati yeye angali anafunga viatu, wafuata nyayo wamekwisha kuingia ndani.

Huanzia pale familia ilipoachwa jana. Kifaa cha GPS huwafikisha hapo, na hapo ndipo msaada wake unapokoma, kwa kuwa kinajua gorila walipokuwa, hakijui walipo. Sasa ni zamu ya macho, pua na vidole.

Upande walikoelekea si fumbo kubwa. Mnyama mzito akipita, majani hulala na ncha zake zikatazama alikokwenda, na udongo laini hushika alama za vifundo vya mikono. Ugumu uko kwenye muda. Msitu umejaa njia za jana, za juzi na za wiki iliyopita, zinapishana na kukatizana, na anayeifuata ya jana atazunguka mlima mpaka jua litue. Kwa hiyo wao husoma umri wa kila alama. Njia iliyopitwa usiku wa mapema imefunikwa upya na umande. Iliyopitwa alfajiri umande wake umepukutishwa. Kikonyo cha seleri mwitu kilichomenywa sasa hivi kina maji na weupe; kikikaa, hugeuka rangi na kunyauka. Kinyesi hupimwa kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa ya mtoto, na ukoko uliokauka juu yake nao una habari yake. Kisha mvua ya Mikeno inanyesha na kuvuruga yote, kikonyo cha jana kinalowa na kuonekana kibichi. Hapo ndipo ninapowastahi zaidi. Hawaiamini alama moja. Huweka jani kando ya udongo, udongo kando ya kinyesi, wakajadiliana kwa sauti ya chini, na mara nyingine wakakubali kurudi nyuma hadi kwenye alama ya mwisho waliyokuwa na hakika nayo.

Kituo kikubwa cha usomaji huu ni malazi. Gorila hutandika kiota kipya kila jioni, na asubuhi huacha kinyesi humo. Kiota chenye kinyesi kikubwa na nywele za mvi ni cha dume mkubwa. Chenye kinyesi kikubwa na kidogo pamoja, humo amelala mama na mwanawe. Viota vikihesabiwa, familia imeitwa majina bila hata mmoja kuonekana. Kikipungua kimoja, siku nzima hubadilika: huenda kijana ameondoka kwenda kujitafutia wenzake, huenda yumo aliyenaswa na mtego wa kamba au waya uliotegewa paa. Mitego hiyo nayo huitegua njiani wanapoikuta.

Mtafiti wa gorila Dian Fossey alipofika Kabara, kwenye miteremko ya Mikeno, Januari 1967, hakuwa mjuzi wa kazi hii. Sanwekwe, Mkongo aliyeijua milima hiyo kabla yake, ndiye aliyemfundisha kufuata nyayo. Dunia imelikariri jina la mwanafunzi. La mwalimu ni wachache wanaolijua, na mimi naona hilo ni deni.

Wafuata nyayo wakiwakaribia gorila, panga hutulia, kwani kufyeka kwa kishindo huwatisha. Mfuata nyayo hutoa mguno wa kooni, mzito na mfupi, ule ambao gorila wenyewe hutoa wakila kwa amani. Maana yake ni kwamba anayekuja si mgeni wala hana vita. Ndipo redio huwaita wageni waliobaki nyuma, wavae barakoa, wakae mbali kidogo, na saa yao moja ya kuwatazama gorila ianze.

Vita vimeivuruga kazi hii mara nyingi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa katika historia ya hifadhi hiyo. Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, akiwemo dume wao Senkwekwe. Waliobaki hai iliwabidi watafutwe tena msituni kwa njia ile ile, jani kwa jani.

Mwaka 1981 gorila waliohesabiwa katika safu nzima ya Virunga, kwa upande wa Kongo, Rwanda na Uganda, walikuwa 254. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Timu zilizofanya hesabu hiyo zilipita msituni kwa miguu zikifuata nyayo, zikitafuta viota, zikikusanya kinyesi ili kipimwe maabara. Takwimu hiyo inayosomwa katika mikutano mikubwa imeanzia kwenye jicho la mtu aliyeinama juu ya kiota.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Goma mnaosomea mazingira na utalii: siku njia ya Bukima itakapokuwa salama, msiende kujifunza kuwaongoza wageni kabla hamjatembea miezi kadhaa nyuma ya watu hawa. Wapo miongoni mwao waliokwisha zeeka.