Vina vya Msiba: Tungo Mbili za Katherine Philips

Mshairi wa Kiswahili anayetunga tanzia ya mtoto mchanga hapati taabu ya vina. Manani, Jalali, Karimu, Mola: majina haya yamekaa tayari mwishoni mwa mishororo, na msiba ukiingia nyumbani huitika kabla hayajaitwa. Ubeti wa kwanza hutaja kifo, wa pili humtaja Mwenyezi Mungu, na kuanzia wa tatu mama huambiwa asubiri, kwani mwanawe ni ndege wa peponi atakayemngojea mlangoni. Maneno hayo ni ya kweli kwa wenye imani, na yamewafariji wengi. Hata hivyo swali la uhakiki linabaki: je, tanzia inayofika kwenye faraja upesi hivyo imempa mfiwa nafasi ya kulia? Swali hili linapata mwanga kutoka mbali, katika tungo mbili fupi za mwanamke wa Kiingereza wa karne ya 17.

Katherine Philips alizaliwa London tarehe 1 Januari 1632. Aliolewa mwaka 1648 akiwa na umri wa miaka 16, akakaa na mumewe, James Philips, katika mji wa Cardigan huko Wales. Alikulia katika dini. John Aubrey, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba aliimaliza Biblia nzima akiwa mtoto mdogo mno. Katika ushairi alijiita Orinda. Ndoa yake ilikaa karibu miaka saba bila ya mtoto. Mwaka 1655 akajaaliwa mwana wa kiume, Hector, naye hakudumu. Akazikwa London, katika kanisa la Mtakatifu Benet Sherehog. Mama akamtungia tungo mbili: mmoja wa kaburini, na mwingine tanzia ya beti tano.

Utungo wa kaburini una vina vya mishororo miwili miwili. Unaanza kwa kuuliza ni kipi duniani kinachostahili kutumainiwa, kisha unatangaza kuzaliwa kwa mwana, na neno hilo la mwana linarudiwa papo hapo, kama kigelegele kinachotoka chumba cha mzazi. Halafu inatolewa sababu ya kifo: roho ya mtoto ilikuwa kubwa mno kwa kiwiliwili kile kidogo, ikavunja gamba lake ikaenda mbinguni ilikostahili kukaa. Unafuata mfano wa fundi wa kale wa kugeuza madini, ambaye hata akiziba chombo chake vipi hawezi kuuzuia mvuke usitoroke. Huu ni utungo wa hadhara. Kaburi husomwa na wapita njia, na wapita njia hutaka kuambiwa maana. Lakini hata hapo Philips hakumalizia mbinguni: picha ya mwisho ni jua lililovishwa sanda na kuzikwa katika wingu la asubuhi.

Tanzia ni jambo jingine. Kila ubeti una mishororo minne, kama tarbia zetu, ila vina vinapishana: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Ndani ya mishororo yote 20 Mungu hatajwi, wala pepo, wala malaika. Mama anasema amengoja katika ndoa miezi arubaini mara mbili, akampata mwana, na kwa siku arubaini mwana akamponyoka. Hesabu ya kwanza ni sahihi: tangu Agosti 1648 hadi Aprili 1655 ni miezi 80. Ya pili ina utata. Anwani ya shairi katika mswada inasema mtoto alizaliwa tarehe 23 Aprili na kufariki tarehe 2 Mei, yaani siku tisa tu. Utungo wa kaburini unasema hakutimiza wiki sita. Vyovyote iwavyo, arubaini ndiyo kipimo alichokichagua mshairi, na kipimo hicho hicho kimetumika mara mbili, cha miezi katika kungoja na cha siku katika kupata. Msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa uzito wa nambari hiyo. Arubaini ndiyo siku mzazi anapotoka nje na mwanawe. Arubaini pia ndiyo siku msiba unaposomewa hitima. Philips naye aliijua kutoka katika Mambo ya Walawi, ambamo mama wa mtoto wa kiume hutimiza siku 7 na 33 ndipo atoharike. Siku ambayo angetoka na mtoto mkononi, anatoka mikono mitupu.

Je, tanzia isiyomtaja Mungu ni tanzia isiyo na imani? Jibu limo katika mshororo wa pili, ambamo mama anasema nadhiri zake zilitimizwa kwa kupewa mwana. Nadhiri haina maana bila ya Mwenye kuisikia. Mungu yumo ndani ya shairi tangu mwanzo, kama Mpaji; ila mama hana la kumwambia bado. Anachosema ni kwamba alimtazama mtoto akatoweka, aligusa tumba la waridi likaanguka, na kwamba walimwengu hawana wanaloweza kumpoza nalo.

Njia nyepesi zaidi ilikuwapo. Ben Jonson, ambaye kitabu chake cha tungo fupi kilichapwa mwaka 1616, alimlilia bintiye wa miezi sita, na katika mishororo michache akamfikisha mbinguni, katika msafara wa Bikira Maria. Njia hiyo Philips aliipita katika utungo wa kaburini. Katika tanzia aliiacha.

Si kwamba tanzia hii haina kasoro. Inadai kuwa hakuna jicho linaloona kilio chake, na hapo hapo anwani inaarifu kwamba Henry Lawes aliitia sauti ya kuimbwa. Inaahidi kuwa hizi ndizo beti za mwisho za mama huyu, na ahadi hiyo haikusimama: mwaka 1660 alimlilia Frances, binti wa kambo, na mwaka 1663 tafsiri yake ya tamthilia ya Corneille juu ya Pompey ilichezwa Dublin. Lakini kauli ya mfiwa haipimwi kwa miaka iliyofuata. Ilikuwa kweli katika saa yake, kama ilivyo kweli kauli ya mama anayesema hatakula tena.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, mtihani uko hapa. Nadhiri, waridi na arubaini vinakuja vyenyewe. Neno "tasa" halifai, kwani mama hajihukumu; alikuwa akingoja tu. Hatari kubwa ni kina. Ubeti ukikwama, "Mola" yu tayari kuukwamua, na mizani zikipungua, "Jalali" atazijaza. Mfasiri akimwingiza atapata ubeti laini, na atakuwa ameuziba mdomo wa mama aliyeacha nafasi ile wazi kwa makusudi.

Wala dini haikudai pengo hilo lizibwe. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, alitokwa na machozi. Alipoulizwa akasema hiyo ni rehema, kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilio kimetajwa kwanza, na ridhaa haikukifuta.

Philips alikufa kwa ndui mwaka 1664, akazikwa kanisani humo alimozikwa mwanawe. Kanisa liliteketea katika moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 wala halikujengwa tena. Tungo zote mbili zikachapwa katika diwani ya 1667. Anayezisoma pamoja ataona kwamba mama mmoja alihitaji zote mbili, wa watu na wa nafsi yake. Tanzia zetu zina wingi wa ule wa kwanza. Watunzi wanaopelekewa habari ya msiba wa mtoto wangefanya wema kuuacha angalau ubeti mmoja bila ya faraja, mama akae ndani yake mpaka atakapotoka mwenyewe.