Khumusi ya Nguvu Yatosha

Neno moja liliiharibu kazi yote, na mliokuwa nami siku ile hapa Sumbawanga, tukimtazama tabibu wa viungo akimshughulikia yule kijana wa bodaboda ambaye, baina ya abiria mmoja na mwingine, hainui uso kwenye simu yake, mtashuhudia kuwa sisemi kwa husuda. Maandalizi yalikuwa safi: mgonjwa chali, kichwa kimeinamishwa kuume, msuli wa trapeziasi wa kushoto umefikishwa kwenye kizuizi chake bila ya kulazimishwa.

Ndipo alipoamuru: "Pandisha bega, kwa nguvu zako zote!" Naye kijana, aliyezoea kukwamua pikipiki katika tope la masika, akalipandisha kwelikweli, meno yakasagana, pumzi ikazuilika, mishipa ya shingo ikatutumka, na mkono wa tabibu, ambao kazi yake ilikuwa kutulia tu, ukatetemeka na kusalimu amri. Mbinu hii ya kukaza msuli kidogo kisha kuulegeza hutaka khumusi ya nguvu, yaani asilimia 20, kwa sekunde 5 hadi 10. Ikizidi hapo, misuli jirani isiyoalikwa huingia kazini, na ule uliokusudiwa kulegezwa hujikaza kujihami. Kisha tabibu, badala ya kungoja mgonjwa ashushe pumzi ili yeye aichukue ile nafasi ijitoayo yenyewe, akakivuta kichwa papo hapo. "Taratibu, daktari!" kijana akalia.

Nimelisema hili hata mmechoka: vinyozi ndio waliotufunza kwamba shingo isiyolia haijatibiwa. Fred Mitchell, Mmarekani aliyeiasisi mbinu hii katikati ya karne iliyopita, alimfanya mgonjwa awe mtendaji, si mshindani. Na Karel Lewit wa Prague, ambaye kwangu hana mfanowe, aliipunguza nguvu hiyo ikawa haba mno, akategemea pumzi na mwelekeo wa macho, na mwaka 1984, yeye na David Simons, wakatangaza matokeo ya wagonjwa 244.

Zoezi la kuvuta kidevu nyuma, alilolitoa tabibu wetu mwishoni, lilikuwa sahihi.

Lakini ajabu yangu ni kwamba kosa lile la nguvu na haraka litendeke hapa Ufipa, ambako wafua chuma wa kale walisimamisha malungu, tanuru ndefu kumpita mtu, wakaziacha zivute hewa zenyewe pasi na mivukuto. Mivukuto waliiweka akiba kwa kitengwe, tanuru ndogo ya kusafishia. Walijua pa kupuliza na pa kungoja.