Mizani Minane ya Injili

Mwanasheria mmoja alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Alitaka ufafanuzi wa sheria, akapewa kisa. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, mtu anateremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi wanamvamia na kumwacha hoi. Kuhani anampita. Mlawi anampita. Anayesimama ni Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa na Wayahudi. Kisa kikiisha, swali linamrudia mwenyewe aliyeuliza, na safari hii hana pa kukwepea.

Hadithi hufanya hivyo: humtoa mtu kwenye ubishi wa maneno ikamweka barabarani, mbele ya majeruhi. Tanzania imewahi kupata waandishi wawili walioielewa kazi hiyo, nao wakaifanya kwa utenzi. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi katika miaka ya 1960. Julius Nyerere, aliyekwisha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, alifuata mwaka 1996 na Tenzi za Biblia, ambamo Injili zote nne na Matendo ya Mitume zimegeuzwa kuwa beti. Alikuwa na miaka 74, na urais aliuacha mwaka 1985.

Bahari hiyo ya ushairi hawakuibuni wao. Ilikuzwa na Waislamu wa pwani. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na Mwana Kupona alimtungia bintiye wosia wake mwaka 1858. Masimulizi ya Ayubu na Yusufu yalikuwa yakighaniwa kwa Kiswahili zamani, na majina hayo dini zote mbili zinayaheshimu. Mnyampala na Nyerere walipoichukua bahari hiyo, walichukua pia masikio yaliyokwisha kuizoea.

Ugumu wa kazi yenyewe huonekana mtu akianza kuhesabu. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani minane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya kwanza hufanana vina. Wa nne hubeba kina kinachorudi mpaka mwisho wa utenzi. Sasa mtunzi achukue safari ile ya Luka. "Yerusalemu" ni mizani mitano, "Yeriko" mitatu: mshororo umejaa, na msafiri bado hajatia mguu njiani! "Msamaria mwema" ni mizani saba, umebaki mmoja tu.

Kwa hiyo mtunzi halazimiki kuhesabu tu, bali kuamua pia. Je, mafuta na divai vilivyomwagwa kwenye majeraha vipate mshororo wao? Dinari mbili alizopewa mwenye nyumba ya wageni zitajwe, au ziachwe? Mhubiri aweza kuyapita hayo kwa pumzi moja. Mshairi hawezi, maana kila kitu anachokitaja lazima akitafutie nafasi, na akikitafutia nafasi hukitazama upya. Anagundua kwamba huruma ya Msamaria ilikuwa na gharama: muda, mnyama wa kupanda, fedha taslimu, na ahadi ya kurudi kulipa deni. Swali la jirani ni nani linakuwa limejibiwa kwa vitu vinavyoshikika.

Si kila ubeti hufaulu. Neno likichomekwa ili kukidhi kina tu, msikilizaji hulitambua papo hapo, na uzito wa tukio hupungua. Hata hivyo palipotungwa vizuri, kisa kilichosomwa kanisani mara nyingi husikika kama habari ya jana.

Tenzi hizi hazikutungwa zisomwe kimyakimya. Jumuiya ndogondogo zinazokutana majumbani ziwape vijana wenye sauti nzuri Matendo ya Mitume wayaghani, sura moja kila wiki, na wazee wakae wasikilize.