Utu na Kipande: Picha za Ernest Cole

Katika picha moja ya Ernest Cole wanaonekana wanaume wamesimama safu moja, uchi wa mnyama, nyuso zao zimeelekea ukutani na mikono wameinua juu. Ni vibarua wapya wa migodi ya Afrika ya Kusini, nao wanapimwa afya. Picha hii ni miongoni mwa zile zilizompa Cole sifa duniani, nayo yaleta swali ambalo mwenye kumsifu hana budi kulijibu: je, ampigaye picha mtu aliyevuliwa nguo hamvui mara ya pili?

Cole alizaliwa mwaka 1940 huko Eersterust, karibu na Pretoria, na jina la ukoo wake lilikuwa Kole. Serikali ilipoleta elimu ya Kibantu kwa sheria ya mwaka 1953, yaani elimu ya kumwandaa Mwafrika awe mtumishi, aliacha shule akajisomea kwa njia ya posta. Mwaka 1958 alipata kazi katika gazeti la Drum mjini Johannesburg. Kitabu cha picha cha Mfaransa Henri Cartier-Bresson juu ya watu wa Moscow kilimfunza kwamba picha nyingi zikipangwa vema zaweza kusimulia habari moja kama isimuliwavyo kwa maneno. Baadaye akageuza Kole kuwa Cole, akajiandikisha katika kundi la wale walioitwa na sheria machotara, akaepuka masharti ya kipande yaliyowabana Waafrika. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa neno hilo, kwa kuwa wazee wake walikivaa kipande shingoni. Basi Cole alisema uongo katika karatasi za serikali ili apate kusema kweli kwa kamera, wala hakuna aliye na haki ya kumlaumu.

Turudi kwa wale wanaume wa mgodini. Cole aliingia huko kwa siri, na kamera ameificha katika mfuko wa chakula. Alisimama nyuma yao. Twaona migongo, visigino na viganja, lakini hatuoni uso hata mmoja. Huenda hali ya mahali ndiyo iliyomlazimu. Hata hivyo matokeo yake ni sitara. Aliyefedheheshwa na picha hii ni yule aliyewapanga watu hivyo kana kwamba ni mifugo mnadani, naye hayumo pichani. Linganisha na mtoto wa shule aliyechuchumaa katika darasa lililojaa tele, jasho likimtiririka usoni, macho yake yakifuata somo kwa bidii. Hapo Cole alikaribia mpaka uso ukajaa, kwa sababu mtoto yule hana la kuficha. Mpiga picha aliyejua lini asogee na lini asimame mbali hakujifunza hayo kwa Mfaransa yeyote. Aliyajua kwa kuwa yeye mwenyewe ameishi katika hali ile ile, na nyumba yao ya Eersterust ilibomolewa kwa amri ya serikali.

Mwaka 1966 polisi walimtaka awe mpelelezi wao. Akaikimbia nchi yake, na picha zake zikatoka pia. Kitabu chake, House of Bondage, yaani Nyumba ya Utumwa, kilichapishwa New York mwaka 1967, kikapigwa marufuku kwao. Lakini kitabu kile kilikuwa na pengo. Cole alikuwa amepiga pia picha za wachoraji, wanamuziki na mabondia, akazipa jina la werevu wa watu weusi, nazo hazikuingizwa. Zilitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la mwaka 2022. Hakika zinabadili hukumu juu ya kazi yote. Katika toleo la kwanza Mwafrika aghalabu ni mtu wa kutendwa: anakaguliwa, anasombwa, anafungwa pingu. Katika sura hii anatenda. Kitabu cha kutetea utu kisichoonyesha watu wakicheza na kubuni kimetetea nusu tu ya utu wao, hata kama nusu hiyo ndiyo iliyohitaji kuonwa kwa haraka zaidi wakati ule.

Ugenini hakustawi. Kwa fedha za Ford Foundation alipiga picha Harlem na katika majimbo ya kusini ya Marekani, lakini kitabu hakikutoka. Katika miaka ya 1970 aliacha kazi ile, akaishi kwa ufukara, pengine bila makazi. Alifariki New York tarehe 19 Februari 1990, siku nane tu baada ya Nelson Mandela kufunguliwa.

Mwaka 2017 negativu zake zipatazo 60,000 zilionekana katika benki moja mjini Stockholm. Mwaka 2024 picha za Marekani zilitolewa kitabuni. Waliosema kwamba jicho lake lilikufa uhamishoni sasa wana kazi ya kuzitazama, hasa zile za wapenzi, mweusi na mweupe, wanaotembea pamoja barabarani mchana kweupe. Kwao Cole watu hao wangalitiwa gerezani. Aliwapiga picha tena na tena.