"Vipimo" na "Hifadhi" katika Fomu za Ridhaa

Mwalimu mmoja wa Mlola, katika Milima ya Usambara, ametuletea fomu ya utafiti wa afya aliyoombwa kuwasomea wazazi. Sentensi iliyomkwamisha ni hii: "Damu ya mtoto itakayobaki itahifadhiwa kwa ajili ya vipimo vya baadaye." Sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo wazazi walimwuliza majibu yatatoka lini, naye hakuwa na la kuwajibu. Kwa maoni yetu, kosa si la wazazi wala la mwalimu, bali ni la istilahi.

Tuanze na kipimo. Zahanati humtoa mgonjwa damu, naye husubiri majibu yake. Kwa hiyo kipimo ni ahadi ya jibu. Mtafiti, kwa upande wake, huchunguza damu za watu wengi kwa pamoja, mara nyingi bila majina, na huenda asimrudishie yeyote jibu. Huko ni kutafiti. Kukuita kupima ni kumwahidi mtu kitu ambacho hakukusudiwa kupewa.

Neno hifadhi lina utata wa namna nyingine. Kuhifadhi ni kumtunzia mwenye mali kitu chake. Lakini kwa mtu wa Usambara hifadhi ni msitu wenye mpaka pia, ambao jirani haingii na shoka. Je, damu inatunzwa kwa ajili ya mwenyewe, au anazuiwa asiifikie? Fomu haisemi. Wala akiba haiponyi kasoro hii, kwani mwenye akiba huichukua apendapo. Na benki ya damu imekwisha kuzoeleka kuwa ni ya damu ya kuongezewa wagonjwa.

Hatupingi kuweka sampuli. Damu ya mtu mmoja iliyotolewa mwaka 1959 mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, kwa utafiti mwingine kabisa, ilikuja kuonekana kuwa na virusi vya UKIMWI. Na uchambuzi wake uliotangazwa mwaka 1998 ulisaidia kukadiria wakati virusi hivyo vilipoanza kuenea kwa binadamu. Ilipotolewa, ugonjwa huo haukuwa na jina. Faida ni kubwa. Lakini yapasa isemwe kwa maneno ya kweli. Tusisahau kwamba katika nchi hizi hofu ya mumiani ni ya zamani, na hakuna kinachoilisha hofu hiyo kama damu isiyojulikana iendako.

Basi tunapendekeza yafuatayo. Kinachotolewa mwilini kiitwe sampuli. Kipimo kitumike pale tu mwenye sampuli atakapopewa majibu. Ridhaa iwe ya mwenyewe au mzazi wake, na kibali kiwe cha mamlaka. Kitenzi kuhifadhi kisiachwe peke yake: kitaje mtunzaji, mahali na muda. Sentensi ya Mlola ingesomeka hivi: "Sampuli ya damu ya mtoto wako itakayobaki itawekwa katika maabara (jina) kwa miaka (idadi), itumike katika utafiti mwingine. Hutapewa majibu ya utafiti huo. Ukitaka sampuli iteketezwe, tuambie, nasi tutaiteketeza."

Ni maneno mengi zaidi, na huenda baadhi ya wazazi wakayasikia na kukataa. Lakini ridhaa isiyoweza kuwa kukataa si ridhaa. Tunawaomba wafasiri na waganga watuletee maoni yao.