Aliyeliwahi Soko la Les Halles

Pongezi zangu ni kwa Robert Doisneau, mpigapicha wa Paris aliyeanza kulipiga picha soko la vyakula la Les Halles tangu miaka ya 1930. Zaidi ya mabanda ya chuma na vioo, alifuata watu. Watazame wachukuzi wa nyama: makoti yametapakaa damu, mnofu mzima begani, shingo imeinama. Ukitazama sana, bega lako nalo linauma. Mwaka 1969 biashara ya soko hilo ilihamishiwa mji wa Rungis. Mwaka 1971 ubomoaji wa mabanda ukaanza. Banda moja lilihamishiwa mji wa Nogent-sur-Marne. Lakini jasho la wachukuzi limebaki pichani. Ndugu msomaji, kama soko la mtaani kwenu limeshapigwa alama ya X ya kubomolewa, nenda na kamera kesho alfajiri.